Pikapu Yangu Haibebi Saruji

Wiki mbili zilizopita nilikuwa barazani naongea kwa simu na mwalimu wa kwaya. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba pikapu ya darajani imezima kabisa, jeki nayo imelegea, kwa hiyo Jumamosi nashuka Kariakoo kutafuta nyingine. Hayo tu. Sikutaja gari. Lakini kuta za nyumba za kupanga Tabata ni za kuzuia jua, si za kuzuia maneno. Magharibi haijaingia, shemeji yangu, kaka yake Mama Neema, ananipigia kutoka Chanika.

"Hongera shemeji! Nasikia unabadilisha pikapu. Hiyo ya kwanza ilikuzimikia daraja gani, la Kigamboni?"

Ya kwanza! Nina miaka kumi na minne napanda daladala ileile.

Basi kwa faida ya shemeji na wenzake, gitaa la umeme lina pikapu. Ni kile kidude kilicholala chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku, na sumaku imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko elfu saba, elfu nane; hiyo ndiyo koili. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya ile sumaku, umeme kiduchu unazaliwa kwenye waya, unapita kwenye jeki, unaingia kwenye kebo mpaka kwenye amplifaya. Jeki ni tundu la kuchomekea kebo. Daraja ni kile kipande kinachoshikilia nyuzi upande wa mkono wa kulia, na pikapu iliyo jirani yake ndiyo ya darajani. Nyingine iko shingoni. Najua yanavyosikika. Sikuyapa majina mimi.

Tatizo la pikapu ya koili moja ni umbea. Inanasa uzi, sawa, ndiyo kazi yake, lakini inanasa na mengine yasiyoihusu: umeme wa ukutani unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, tyubulaiti, chaja ya mtu. Kanisani mimi nakaa chini ya tyubulaiti mbili. Nikiachia nyuzi, spika inaunguruma kama jenereta ya jirani; nikizishika, inatulia. Fundi alinieleza kwamba mwili wangu ndio antena inayokusanya huo uchafu, na nikigusa nyuzi, ambazo zimefungwa ethi, uchafu unapata pa kushukia. Kwa hiyo mahubiri yote nakaa nimezikamata nyuzi, saa nzima, mkono umekufa ganzi. Mchungaji akanisifu mbele ya waumini kwamba nakishika chombo cha Bwana kwa unyenyekevu.

Na simu je! Ujumbe ukikaribia kuingia kwenye simu ya muimbaji wa besi, spika yangu inatoa tit-titi-tit kabla mwenye simu hajajua. Siku moja katikati ya sala kanisa zima tulifahamu kuwa kuna mtu anatumiwa hela. Tulifumba macho, lakini tulifahamu.

Mwalimu wa kwaya, ambaye kila hoja huimalizia kwa mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, akaniuliza kama Morogoro Jazz nao walikuwa wakiunguruma. Sikujibu. Mbaraka alifariki 1979, hawezi kuja kunitetea.

Kwa hiyo ya darajani ilipokata kauli, nikaona bora nifanye mambo ya kikubwa, niweke ya koili mbili. Dawa hii ni ya zamani. Mwaka 1955 fundi wa Gibson kule Marekani, Seth Lover, aliombea hataza pikapu yenye koili mbili zilizopingana kwa mzunguko na kwa sumaku. Muungurumo ukiingia huku na kule unafutana. Sauti ya uzi inajumlishwa. Ni kama wazee wawili wabishi kwenye kikao cha ukoo: makelele yao yanauana, ila wakikubaliana jambo linasikika mpaka barabarani.

Nikamweleza shemeji alipopiga tena, kwamba ile ya zamani ilikuwa ya koili moja, hii nimechukua ya koili mbili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hapo nimekosea, gari ya kazi inatakiwa springi za majani.

Pikapu niliyouziwa Kariakoo ilikuwa na nyaya nne na ya tano isiyovishwa kitu, bila karatasi, bila jina la kiwanda. Elfu sitini na tano. Mwekundu, mweusi, mweupe, kijani. Mimi nimekua najua mweusi ni ethi. Betri inasema hivyo, redio inasema hivyo. Kumbe kwenye pikapu kila kiwanda kina dhehebu lake: kuna wanaopitisha sauti kwenye mweusi, kuna wanaoipitisha kwenye mwekundu, na zile mbili zinazounganishwa katikati nazo zinabadilika kufuatana na dhehebu. Yule kijana wa dukani nilipomuuliza yetu ni ya wapi, akasema, "Mzee wangu, hiyo ni orijino." Dhehebu hilo sijaliona popote.

Nikaazima chuma cha kulehemu kwa fundi redio wa mtaani. Wanaosema kulehemu ni rahisi hawajawahi kulehemu waya wa ethi kwenye mgongo wa volyumu. Bati lile linakunywa moto wote. Unashikilia chuma, unahesabu, unatokwa jasho, lehemu inayeyuka, unashangilia, unaondoa chuma, na lehemu inabaki juu kama tone la uji lililokauka. Ukiigusa kwa ukucha inabanduka. Mara ya nne ikashika. Ikashika na kidole cha shahada.

Nikachomeka. Kupima pikapu bila kufunga nyuzi ni rahisi: unaigonga taratibu kwa bisibisi, spika ikijibu tok, tok, ipo hai. Yangu ilijibu, lakini kinyonge. Fundi redio akaja na mita yake. Pikapu ya koili mbili, akasema, huwa inasoma kama kiloomu nane. Hii inasoma nne. Maana yake nilikuwa nimeunga koili moja, nyingine imekaa tu kama mjumbe wa kamati. Tukazitafuta nyaya mbili mbili kwa mita mpaka kila koili ikapata mwenzake, tukaunga upya, ikasoma nane na ushee. Nikafunga uzi mmoja wa kujaribia, nikawasha pikapu zote mbili kwa pamoja. Ikatoka sauti ya mtu anayeimba huku ameshikwa pua.

"Zinavutana," fundi akasema. Moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, na sauti nene zote zinafia katikati. Ukageuzwa waya wa sauti na wa ethi wa ile mpya, pua ikaachiwa.

Nikapandisha sauti, kitu kikapiga mluzi. Si muungurumo tena, mluzi, kama birika. Nikanung'unika karibu na gitaa. Spika ikanung'unika pia. Nikasema "Halo", spika ikasema "Halo". Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Koili haikuchovywa kwenye nta, akasema, nyaya zinachezacheza ndani, pikapu imegeuka maikrofoni. Inatakiwa nta ya mishumaa, iyeyushwe kwenye chombo kilichotumbukizwa ndani ya maji ya moto, si juu ya jiko lenyewe, kwa maana nta inashika moto na plastiki ya pikapu inapinda.

Chombo kilichokuwa karibu ni sufuria ya wali ya Mama Neema.

Nitalipita haraka jambo hili. Mluzi umekwisha. Wali wa Jumapili ulikuwa na harufu ya kukatika umeme, Neema akauliza kama leo ni kipaimara, na mama yake tangu siku hiyo ananiita "baba" bila kumalizia na jina la mtoto.

Usiku wa Ijumaa nikafunga nyuzi zote, nikawasha. Inaunguruma! Na safari hii hata nikishika nyuzi, hakuna mabadiliko. Nikishika chuma cha jeki inatulia, nikishika nyuzi inaendelea. Saa saba za usiku ndipo nikakiona: kawaya kadogo keusi, kale kanakotoka chini ya daraja kwenda kwenye ethi, kamelala pembeni. Nilikakata mwenyewe siku ya kwanza nikidhani ni ka zamani.

Jumamosi saa mbili asubuhi hodi. Shemeji, na kijana wa kupakia saruji.

"Shikamoo shemeji. Iko wapi?"

Nikamkalisha, nikalibeba gitaa, nikamwonyesha pikapu, daraja, jeki, kimoja kimoja. Nikampigia ya shingoni, kisha ya darajani, kisha zote. Nikaachia nyuzi ili asikie kimya. Kimya kile kimenigharimu elfu sitini na tano, kidole na sufuria. Akasikiliza kwa heshima zote za ukwe. Kisha akasema, "Vizuri sana shemeji. Ila sauti si ileile?" Na bado akachungulia dirishani, labda nimeiegesha nyuma.

Mama Neema alikuwa mlangoni, ameshika sufuria. Nikakodi kirikuu.

Tulikuwa tumepita Gongo la Mboto, mimi nimekaa nyuma juu ya mifuko kumi ya saruji, simu ikaita. Mwalimu wa kwaya, anataka kujua kama kesho nitapiga, na pikapu inaendeleaje. Nikatazama mbele, kilima cha Pugu kinaanza.

"Inapanda," nikamwambia. "Polepole, lakini inapanda."