Namna ya Kuipandisha Klabu ya Hoki ya Barafu, Hata Kama Chuo Kiko Jangwani

Kwanza, shinda. Chukua ubingwa wa taifa wa klabu, ikiwezekana zaidi ya mara moja. Hautakupandisha popote, ila barua ya kuomba fedha hupendeza ikiwa na picha ya kombe.

Najua, ndugu katibu wa klabu, hapo umekunja uso. Aliyelelewa na soka la Ligi Kuu huamini kwamba timu inayoongoza daraja la chini hupanda, inayoshika mkia hushuka, na anayebaki na lawama ni refa. Vyuo vya Marekani havina habari hiyo. Klabu za hoki ya barafu zina chama chao, ACHA, kilichoundwa mwaka 1991, chenye mashindano yake na mabingwa wake. Timu rasmi za vyuo ziko chini ya NCAA. Kutoka huku kwenda kule hakuna mlango unaofunguliwa kwa pointi. Penn State Icers, klabu ya wanafunzi wa chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, walibeba ubingwa wa taifa wa klabu mara 7. Baada ya mara ya saba walipata kilekile walichopata baada ya ya kwanza: kombe, na wiki moja ya kusalimiwa na watu wasiowajua.

Wakati unasubiri, ishi maisha ya klabu kikamilifu, kwa kuwa baadaye utayasimulia kwenye hafla za wafadhili. Mchezaji wa klabu hulipa ili acheze. Hulipa ada ya maelfu ya dola kwa mwaka, hununua fimbo yake, hufua jezi yake, na hubeba mfuko wa vifaa wenye harufu ambayo hata mama yake mzazi ameshindwa kuizoea. Mazoezi huanza usiku, mara nyingi saa nne na kuendelea, maana saa nzuri za barafu zimeshakodiwa na watoto wa majirani na wasichana wa kuteleza kwa madaha. Safari ni ya gari dogo la kukodi, dereva ni beki wa kushoto, na beki huyo ana mtihani wa takwimu Jumatatu asubuhi. Mwekahazina ni kipa. Usimdharau kipa, tutamrudia.

Sasa chagua mahali pasipofaa. Huu ni ushauri wa dhati. Chuo cha Minnesota, jimbo la baridi, kikitaka timu ya hoki, nani atageuka kutazama? Arizona State, chuo kikuu chenye makao Tempe pembeni mwa Phoenix, kiko jangwani hasa. Mwaka 2023 mji wa Phoenix ulikaa siku 31 mfululizo bila joto la mchana kuteremka chini ya nyuzi 43. Katika mazingira hayo klabu ya wanafunzi ilikuwa ikicheza hoki kwenye jengo la Oceanside Ice Arena, lenye nafasi ya watazamaji wasiofika elfu moja. Jina hilo linatangaza pwani ya bahari, na ukitoka nje utafute bahari yenyewe, endesha gari nusu siku kuelekea California.

Mkuu wa fedha atakuuliza barafu itasimamaje jangwani. Mjibu kwa upole kwamba barafu haijui iko wapi. Chini yake kuna sakafu ya zege iliyopitishwa mabomba ya kimiminika kilichopozwa. Juu yake maji hunyunyizwa tabaka kwa tabaka hadi unene wa sentimita chache. Anayelijua joto la nje ni mtu wa bili ya umeme. Mwambie pia kwamba Frank Zamboni, aliyebuni ile mashine ya kulainisha barafu mwaka 1949, aliibuni Paramount, kusini mwa California, mahali ambapo theluji huonekana kwenye kadi za Krismasi. Usimwambie kwamba kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, yaani paki, hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Akisikia, ataanza kuuliza kwa nini idara ya michezo imeomba friji.

(Msomaji wa Nairobi ananielewa. Ice Lions wa Kenya walijifunza mchezo huu kwenye barafu ya Hoteli ya Panari, kiuwanja kidogo kuliko kipimo rasmi, kilomita chache tu kutoka mahali twiga wanapokula majani.)

Klabu ya Arizona State ilifanya kila kilichoandikwa hapo juu. Mwaka 2012 ilikwenda kucheza na Penn State, ambao tayari walikuwa wamevaa jezi za NCAA, ikawafunga. Msimu wa 2013–14 ilishinda mechi 38, ikapoteza 2, ikabeba ubingwa wa ACHA. Kocha wake, Greg Powers, alikuwa kipa wa klabu hiyohiyo enzi za uanafunzi wake. Nilikuambia usimdharau kipa.

Na hapo ndipo tunafika kwenye hatua yenyewe. Nyingine zote ni mapambo. Tafuta mtu mwenye fedha anayeipenda hoki kuliko anavyozipenda fedha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka uwanja wa barafu sharti ainame zaidi, tena mbele ya mtu anayefaa, tena kwa miaka.

Penn State walimpata Terry Pegula, mhitimu wao aliyetajirika kwa gesi asilia. Mwaka 2010 kampuni yake iliuzwa kwa Shell kwa dola bilioni 4.7, na Septemba ya mwaka huohuo chuo kikatangaza kwamba Pegula na mkewe Kim wametoa dola milioni 88 kwa ajili ya uwanja wa barafu na timu mbili rasmi, ya wanaume na ya wanawake. Fedha hizo hazikudondoka kutoka mbinguni. Joe Battista, aliyekuwa kocha wa Icers, alikuwa ameshalima shamba hilo muda mrefu. Kwa hiyo ukiona kocha wa klabu anakula chakula cha mchana kirefu na mzee mwenye kofia ya timu, usimsumbue. Yuko kazini, na ni kazi nzito kuliko kupanga mabeki.

Arizona State nao, tarehe 18 Novemba 2014, walitangaza kupanda Daraja la Kwanza la NCAA kwa msaada wa dola milioni 32 kutoka kwa kundi la wafadhili lililoongozwa na Don Mullett. Hebu rudi kwenye hesabu. Klabu ya ubingwa mmoja katika jangwa ilipanda. Kuna klabu zenye makabati ya vioo yaliyojaa vikombe ambazo hadi leo zinachangishana mafuta ya gari. Ukitaka kujua tofauti, usitazame mkanda wa mechi. Tazama taarifa ya benki.

Kiasi cha fedha kikishatajwa, usidhani umemaliza. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1972 iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu, na inayovifanya vyuo vihesabu nafasi za michezo za wanawake kwa makini. Huwezi kuleta wanaume ishirini na zaidi wenye ufadhili wa masomo ukadai umesahau dada zao. Penn State walianzisha timu mbili kwa mpigo. Arizona State waliongeza triathlon na lakrosi kwa wanawake. Katika vikao vya klabu utasikia kijana akinung'unika kwamba sheria inaua michezo ya wanaume. Muulize ni nani alikuwa akifua jezi za timu ya wanawake miaka yote hiyo, kisha mpe kazi ya kuandika kumbukumbu za kikao.

Tafuta ligi. Jambo hili laonekana dogo na ndilo linaloua. Timu isiyo na ligi hucheza na atakayekubali, siku atakayokubali, kwa kawaida nyumbani kwake. Alabama Huntsville, chuo cha kusini kilichokuwa bingwa wa klabu miaka ya 1980 na kisha bingwa wa Daraja la Pili mwaka 1996 na 1998, kilitangaza kuifuta timu Mei 2020. Wapenzi wakachanga zaidi ya nusu milioni ya dola ndani ya siku chache, timu ikarudi, na mwaka uliofuata ikasimamishwa tena kwa sababu hakuna ligi iliyotaka kuipokea. Fedha zilikuwepo, mashabiki walikuwepo, barafu ilikuwepo. Majirani ndio waliokosekana.

Penn State hawakuyaonja mateso hayo kwa muda mrefu. Wao waliwatesa wengine. Big Ten, muungano wao wa michezo, ulikuwa na vyuo vitano vyenye timu rasmi ya hoki: Michigan, Michigan State, Ohio State, Minnesota na Wisconsin. Cha sita kikitokea, ligi yao wenyewe inawezekana. Cha sita kikatokea kwa hundi ya Pegula. Mwaka 2013 ligi ya Big Ten ikaanza, vyuo vingine vikaunda ligi mpya ya NCHC, na CCHA, ligi kongwe iliyozoea kuwa na Michigan, ikafa. Ilifufuliwa mwaka 2021. Kumbuka hilo unapoandika barua ya kumshukuru mfadhili: unaweza kumshukuru pia kwa niaba ya watu wasiotaka kushukuru.

Arizona State walizurura. Walianza na msimu wa nusu kwa nusu, 2015–16, wakicheza na klabu wiki hii na timu rasmi wiki ijayo. Msimu wao kamili wa kwanza walishinda 10 na kupoteza 19. Wa pili walishinda 8 na kupoteza 21. Hapa mwongozo unakuagiza ujifunze msemo mmoja: “tunajenga.” Useme mbele ya kamera, mbele ya wazazi, mbele ya mfadhili. Utatosha kwa misimu miwili. Msimu wa tatu hautatosha! Wao katika msimu huo wa tatu, 2018–19, walishinda 21, wakaingia mashindano ya taifa ya NCAA, wakatolewa na Quinnipiac 2–1. Kisha korona ikaja, na msimu wa 2020–21 wakacheza mechi zote ugenini dhidi ya timu za Big Ten, wakilala hotelini kama mahujaji wasioiona Maka. Ligi ya kudumu, NCHC, waliipata 2024, wakamaliza msimu wao wa kwanza humo wakiwa wa pili.

Wachezaji? Utawatoa kwingine. Usitegemee sana wenyeji, hata wakiwa hodari. Auston Matthews, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa na ligi ya kulipwa ya NHL mwaka 2016, alikulia Scottsdale, karibu sana na chuo hicho. Mwaka ambao Arizona State ilikuwa ikibadilisha jezi, yeye alikwenda kucheza Zürich, Uswisi. Utachukua vijana kutoka Minnesota na Kanada, wengi wao wakiingia mwaka wa kwanza wakiwa na miaka 20 au 21, ndevu zimeshajaa, kwa kuwa wamepitia ligi za vijana kwanza. Katika darasa la utangulizi wa saikolojia utadhani wahadhiri wamezidi wanafunzi.

Hawa hawalipi ada. Chuo ndicho huwalipia masomo, fimbo na hoteli, na kuna mtu wa mshahara anayefua jezi. Yule beki wa kushoto aliyekuwa dereva? Mwalike kwenye uzinduzi. Mpe tiketi mbili. Asiulize kuhusu namba yake ya jezi. Amepewa kijana wa Alberta.

Uwanja mpya uje mwisho, mashaka yakiwa yamepoa. Arizona State waliingia Mullett Arena Oktoba 2022, uwanja wa viti 5,000 hivi. Wala hawakukaa peke yao. Arizona Coyotes, timu ya NHL, watu wa mishahara ya mamilioni, walikuwa wamekosa pa kuchezea baada ya mji wa Glendale kukataa kuendelea nao, wakaomba hifadhi chuoni. Kwa misimu miwili timu ya ligi kubwa kuliko zote za hoki duniani ilicheza kwenye uwanja wa wanafunzi, ilhali viwanja vya wenzao mara nyingi hupita viti 17,000. Aprili 2024 Coyotes wakafungasha, wakahamia Salt Lake City. Mpangaji aliondoka, mwanafunzi akabaki na funguo.

Ukishamaliza yote haya utaletewa habari kwamba kuna wanafunzi wameandikisha klabu. Ndivyo ilivyokuwa Tempe: timu rasmi ilipopanda, wanafunzi waliendelea kucheza ACHA chini ya jina lilelile la chuo. Hawana ufadhili. Usiwazuie, na usiwaahidi chochote. Waandikie tu kwamba ada ya muhula wa kwanza hulipwa kabla ya mazoezi kuanza, hairudishwi, na anayetaka kuwa kipa ajiandae kuwa mwekahazina pia.