Chipsi Zinazoliwa Kabla ya Wakati

Ndugu yangu mwenye familia, wewe huhitaji kufafanuliwa. Makapera ndio hudhani chipsi za nyumbani hulegea kwa sababu ya viazi vibaya. Chipsi hulegea kwa sababu ya watu. Mpe mtu kiazi, karai, mafuta na nyumba tupu, atakaanga chipsi ambazo jirani wa ng'ambo ya mabati atazisikia zikivunjika. Mwongezee mke, watoto wawili, shemeji wa kochini na mama mkwe mwenye bando la simu, utaalamu wote unakunja jamvi.

Shemeji kwanza, maana kila hasara ya hapa kwetu Langas huanzia kwake. Tunamwita Mgeni wa Heshima, kwa kuwa hufika shughuli ikiwa tayari, huketi mbele, na hajawahi kusaidia kupanga viti. Alikuja Eldoret kutafuta kazi ya muda, akapata kochi la kudumu. Kila jioni akitoka steji huwa na biashara mpya kichwani, na ya karibuni ni kibanda cha chipsi, kile chenye sanduku la kioo na balbu ndani. Husimama pale Kisumu Ndogo akiwahesabu wateja wa mwenzake. Mpaka leo hajasahau Januari 2022, KFC walipoishiwa na chipsi humu nchini kwa kuwa viazi vyao vilikuwa vikitoka ng'ambo na mizigo ikachelewa, ilhali wakulima wetu wana waru magunia kwa magunia. "Shemeji, ile ilikuwa nafasi yetu," huniambia kwa uchungu. Nafasi yetu! Sisi ambao wakati huo tulikuwa tunanunua salad ya kupimiwa.

Viazi vyenyewe hutoka kwa mama yake, huko kwenye baridi ya Timboroa. Mama mkwe huyu jina lake la siri ni Hansadi, kwa sababu hakuna neno lililotamkwa tangu siku ya mahari ambalo hana kumbukumbu yake. Kwetu Bungoma mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe, na Hansadi anaiheshimu mila hiyo kikamilifu: anatutawala kwa simu. Alitupakilia gunia la Shangi kwenye matatu. Shangi ni kiazi kizuri, huiva upesi, ila huchipua upesi vilevile. Basi Mgeni wa Heshima akaamua kuvitia kwenye friji ili "visizeeke." Kiazi kikikaa kwenye baridi kali, wanga wake hugeuka sukari, na ukikikaanga huwa cheusi nje kabla ya kuiva ndani. Tulikula makaa matamu. Hansadi akaarifiwa, akanukuu, akatuma gunia lingine.

Hapo ndipo shule ilipoingilia. Kifungua mimba wangu Brayo, ambaye tunamwita Kamishna kwa jinsi anavyokagua sahani za wenzake, alileta kazi ya somo la Kilimo na Lishe: kaanga chakula nyumbani, mzazi apige picha. Kama una mtoto katika mtaala huu wa umilisi, unajua anayesomeshwa ni nani. Nikatwaa kisu.

Kanuni yenyewe si siri. Unakata vipande vya unene wa sentimita moja hivi, vyote sawa. Unaviloweka kwenye maji baridi vitoe wanga wa juu, la sivyo vitashikana karaini. Unavikausha, maana maji na mafuta moto hayajawahi kupatana. Kisha unakaanga mara mbili. Ya kwanza ni kwa moto wa wastani, nyuzi 150 hivi, kiazi kiive bila kupata rangi. Unavitoa, vinapoa na kutoa mvuke. Halafu unavirudisha kwenye mafuta makali ya nyuzi 180 au zaidi, na ganda linakauka. Asiye na kipimajoto hutumbukiza ncha ya mwiko mkavu. Vipovu vikichemka kwa kasi kuuzunguka mti, mafuta yako tayari. Sasa tazama mtego ulipo: kati ya mara ya kwanza na ya pili, viazi vinatakiwa kukaa mezani vimeiva, vinanukia, na mtu asiviguse. Nani ana nyumba ya namna hiyo?

Hata kuloweka kulileta kesi. Simu ya Mama Brayo ilikuwa imewekwa sauti ya nje.

"Mkwe, hayo maji ya viazi umemwaga?"

"Bado, mama."

"Usimwage. Acha yatulie, wanga ushuke chini, utie mashati ya mtoto."

Mama Brayo akaunga mkono, kwa kuwa mfereji wa ploti yetu hutoa maji unapojisikia. Beseni likatwaliwa na serikali, viazi vyangu vikatolewa nje vikidondoka maji. Kitinda mimba wetu, ambaye jina lake ni Forodha kwa kuwa hakuna chakula kinachopita mbele yake bila kutozwa ushuru, alikimbia kunisaidia. Akaleta vitambaa vya kuwekwa juu ya makochi, vile vya kufumwa kwa mkono, ambavyo mimi mwenyewe sijawahi kuruhusiwa kuviegemea. Akavikaushia viazi kimoja kimoja, kwa upendo. Mama Brayo alipotokea mlangoni, hakusema kitu. Wewe uliyeoa unajua kimya hicho kinagharimu kiasi gani.

Alichosema baadaye kilihusu karai. "Baba Brayo, hii salad yote ni ya harusi ya nani?" Nikamweleza kwamba mafuta yakiwa haba, viazi vikiingia huyapoza, vikaanza kunywa mafuta badala ya kukauka. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akarudisha nusu kwenye chupa.

Mafuta yakiendelea kupata moto, Kamishna alitusomea kwamba maji hapa huchemka kwa nyuzi 93 hivi, si 100, kwa sababu Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mgeni wa Heshima akapinga: hizo ni hesabu za zamani, kabla ya Agosti 2024 tulipofanywa jiji. Wakabishana. Meko ikawaka bure, na mtungi ukasikiliza mjadala wote kwa gharama yangu.

Pamoja na hayo, awamu ya kwanza ilitoka salama: viazi laini, vyeupe, vimeiva sawasawa. Nikavitandaza kwenye sinia vipoe. Ndipo mlango ukabishwa hodi. Ilikuwa zamu yetu ya chama, jambo ambalo watu wote walijulishwa isipokuwa mwenye kukaanga. Mama Brayo aliona sinia, akaona wageni, na kabla sijatamka neno "bado," chipsi zangu zilikuwa sebuleni na chai ya maziwa. Mweka hazina akasifu: "Laini vizuri! Hata bibi yangu asiye na meno angekula." Mama Brayo akaipokea sifa hiyo kwa unyenyekevu, kama yake.

Nilinusuru bakuli moja. Forodha akatoza ushuru wake. Mgeni wa Heshima akaonja "kwa ajili ya utafiti wa soko." Kilichobaki nikakirudisha kwenye nusu ya mafuta, na hapo gesi ikakata roho. Kuwasha jiko la makaa ni shughuli ya mtu mwenye subira, na viazi vilisubiri humo ndani ya mafuta vuguvugu vikinywa mpaka vikatosheka.

Picha iliyopelekwa shuleni inamwonyesha Kamishna ameshika chipsi moja, imeinama. Mwalimu aliandika kwamba mwanafunzi "anakaribia matarajio," na kwa nyumba hii naona alitupendelea. Kitu pekee kilichokauka barabara ni kola ya shati alilovaa, maana wanga wa Hansadi ulifanya kazi yake bila kuingiliwa na mtu.

Basi, mwenzangu, kama unayo njia ya kukaanga mara ya pili familia isijue, nakuomba uniambie. Njoo mwenyewe hapa Langas tuongee tukitembea, lakini usinipigie simu. Hansadi ataweka nakala.