Saa 15 za Kwenye Tiketi

Nairobi hadi New York ni kilomita zipatazo 11,800. Tangu Oktoba 2018 kuna ndege ya moja kwa moja: saa kama 15 kwenda, 14 kurudi, maana upepo wa juu una ubaguzi, humsukuma anayerudi nyumbani na kumzuia anayekwenda Marekani, kama afisa wa viza.

Hesabu safi hiyo, ya uwanja hadi uwanja. Haimjui anayetoka Kitengela na masanduku matatu, shangazi wanne wa kumsindikiza (wote wanataka picha) na amri ya kufika saa tatu kabla. Wala haiijui foleni ya uhamiaji ng'ambo, anakoulizwa, “Umekuja kufanya nini?” kwa utulivu wa mtu anayelala kwake kila siku.