Ruta Mpya, Mnara Uleule

Miongoni mwa maamuzi yanayoweza kuikalisha familia nzima sebuleni hadi ugali ukapoa, uamuzi wa kubadilisha ruta umejipatia nafasi karibu na mahari na mipaka ya mashamba, isipokuwa kwamba katika mahari na mipaka hakosekani mzee mmoja anayejua anachosema. Ruta, kwa maana inayotumika hapa, ni kisanduku chenye taa na antena kinachopokea intaneti kutoka nje ya nyumba na kuigawa ndani kwa mawimbi ya redio, ili simu, televisheni na kompyuta ziitumie pasipo waya. Katika kata ya Bukundi, wilayani Meatu, mkoani Simiyu, ruta ya nyumbani kwa kawaida ni ile inayotiwa laini ya simu, na kwa sababu hiyo hubeba kazi mbili zisizofanana: kwanza husikilizana na mnara wa kampuni ya simu, kisha husikilizana na simu za watu wa nyumbani, na karibu kila kioja kitakachoelezwa hapa huzaliwa pale mtu anapolipia kuboreshwa kwa kazi ya pili akitumaini kwamba ya kwanza nayo itapona.

Vizazi vya Wi-Fi, yaani mawasiliano hayo ya ndani yasiyo na waya, vinavyotajwa na wauzaji vinahusu kazi hiyo ya pili peke yake. Kanuni ya kwanza ya mawasiliano ya namna hii ilitolewa mwaka 1997 na IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki, ikiwa na kasi isiyozidi megabiti 2 kwa sekunde (megabiti ni kipimo cha wingi wa taarifa, nane kati yake zikifanya megabaiti moja, yaani ile MB inayofahamika kwa kila mnunuzi wa bando). Zikafuata nyingine zenye majina ya tarakimu na herufi ambayo hata wauzaji waliyakwepa, mpaka mwaka 2018 Wi-Fi Alliance, umoja wa kampuni unaosimamia jina hilo, ulipoamua kuvihesabu vizazi kwa namba za kawaida, kile cha 2009 kikawa cha nne, cha 2013 kikawa cha tano, kilichofuata kikawa cha sita, na tangu Januari 2024 vifaa vya kizazi cha saba vinapewa hati. Kizazi cha sita kinatajwa kufikia gigabiti 9.6 kwa sekunde na cha saba gigabiti 46, gigabiti moja ikiwa ni megabiti elfu moja. Hizo ni namba za kwenye hesabu, mahali pasipo na ukuta, jirani wala bati, lakini ndizo zinazochapwa kwa herufi kubwa juu ya boksi.

Kaya itakayotumika kama mfano, ambayo msomaji wa Mwanhuzi au Bariadi ataapa kwamba ni ya jirani yake, ina mwalimu mstaafu, mkewe mwenye duka la rejareja lililoshikana na sebule, shangazi asiyekosa tamthilia hata moja, na mpwa anayesoma chuo Mwanza ambaye hurudi likizo akiwa na begi la nguo chafu na maoni mapya kuhusu kila kitu. Mpwa ndiye aliyeanzisha hoja. "Mjomba, ruta yenu hii ni kizazi cha nne, wenzetu wako cha saba." Mjomba, aliyefundisha hisabati maisha yake yote na ambaye kustaafu hakukumzuia kusahihisha watu, aliuliza tu, "Hao wa cha saba, mnara wao ni upi?"

Swali hilo halikujibiwa, kwa sababu mjadala ulikwishapotelea kwenye namba tano, ambayo katika uwanja huu ina maana tatu zisizo na undugu. Ipo 5G, kizazi cha tano cha mitandao ya simu, kilichoanza kuuzwa Tanzania mwaka 2022, nayo ni habari ya mnara. Ipo Wi-Fi ya kizazi cha tano, ambayo ni habari ya kisanduku. Na yapo masafa ya gigahezi 5, yaani wimbi linalotetema mara bilioni tano kwa sekunde, ambayo ndiyo huzifanya ruta nyingi za siku hizi zijitokeze kwenye simu kwa majina mawili, moja likiwa na mkia wa 5G. Shangazi, aliyeliona jina la namna hiyo alipokwenda kusalimia ndugu Bariadi, alirudi akitangaza kwamba ndugu hao wana 5G ndani ya nyumba na kwamba tofauti aliiona kwa macho, jambo ambalo mpwa, kwa masilahi ya hoja yake, hakulikanusha.

Hesabu ya mwalimu haijawahi kupingwa kwa hoja, imepingwa kwa miguno tu. Ruta nyingi za 4G za bei ya kawaida huandikwa kwamba zinaweza kupokea hadi megabiti 150 kwa sekunde kutoka mnarani, na hata hizo ni za mteja aliye peke yake. Ikiwa jioni, wakati watu wamerudi kutoka shambani na kila mmoja ameshika simu, mnara unaipa nyumba megabiti 20, basi kizazi cha nne kitazipitisha zote 20 bila kutoka jasho, na kizazi cha saba kitazipitisha zilezile 20. Tena kuna upande ambao wauzaji hawaugusi. Kwa kasi hiyo ya 20, bando la GB 10 linaweza kuteketea kwa muda wa saa moja na dakika saba hivi. Endapo mpwa angefanikiwa kuleta kifaa kinachovuta 40, lingekwisha kwa dakika 33, kwa hiyo kaya ingekuwa imelipa fedha za ziada ili iishiwe mapema. Video za mtandaoni nazo hupima kasi zenyewe na kupandisha ubora wa picha kadiri zinavyoruhusiwa, hivyo shangazi, bila kugusa kitufe, angejikuta anahesabu kope za mhusika mkuu kwa gharama ya duka.

Kabla ya kuihukumu ruta ya zamani, haki inadai mazingira yake ya kazi yaangaliwe. Katika kaya ya mfano iliwekwa juu ya kabati la vyombo, nyuma ya televisheni, kati ya maua ya plastiki na picha ya mahafali, ikafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye pindo la waridi, kwa kuwa vumbi la kiangazi cha Meatu haliheshimu kitu na mama mwenye nyumba hawezi kuacha kifaa cha thamani kikae uchi mbele ya wageni. Kitambaa hakizuii mawimbi, ila huziba matundu ya kutolea joto, na kifaa kilichopata joto kupita kiasi hujizima au huzubaa. Televisheni iliyo mbele yake na masufuria yaliyo chini yake ni kesi nyingine, kwani chuma huyarudisha mawimbi yalikotoka, na ndiyo maana mtu aliyekaa katika jiko la nje, lililozungushiwa mabati makuukuu, huweza kuiona sebule kwa macho lakini asiione kwa simu. Kuta nene za matofali nazo huyala mawimbi, na huyala zaidi yale ya gigahezi 5 kuliko ya gigahezi 2.4, kwa hiyo yale yanayosifiwa kwa kasi ndiyo yanayoishia mlangoni. Siku mwalimu alipoihamishia ruta dirishani, upande wa mnara, taa za kuonesha nguvu ya mtandao zilipanda kutoka moja hadi tatu bila kutoka shilingi, na mkewe akayakubali matokeo hayo kwa moyo mkunjufu. Baada ya siku chache kitambaa kilionekana dirishani.

Hata hivyo tukio lililoiharibia ruta hiyo sifa moja kwa moja halikutokea Meatu wala Simiyu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zinazobeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya Afrika Mashariki kwenda nje, zilikatika katika eneo lililo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Taarifa inayotoka Bukundi hupanda mnarani, husafiri nchi kavu mpaka pwani, ndipo huzama baharini kuelekea mitambo iliyo ng'ambo, kwa hiyo jeraha la huko chini lilifika mpaka kwenye kabati la vyombo. Mpwa, akiwa Mwanza na akitumia simu ya kawaida ya sauti, alimwelekeza mjomba wake achukue sindano ya kushonea, atafute tundu dogo nyuma ya ruta, aichomeke na kuishikilia mpaka taa zote zizime. Kitendo hicho huitwa kuriseti, nacho hukirudisha kifaa katika hali kilichotoka nayo kiwandani, kikiwa kimesahau jina lake, nywila yake na wenyeji wake wote. Nywila ya kiwandani huandikwa kwenye karatasi ya kunata iliyo chini ya kifaa, lakini mtoto mmoja wa nyumbani alikwishaibandua siku nyingi. Na hivyo, intaneti ilipotengemaa na kata nzima ikarudi mtandaoni, kaya ya mwalimu wa hisabati ndiyo pekee iliyobaki gizani, mpaka karatasi ile ilipoonekana kwenye jalada la daftari la darasa la pili. Mpwa alilichukua tukio hilo kama ushahidi wa mwisho kwamba ruta imezeeka, na ni vigumu kumpata mtafiti atakayemshinda kijana aliyedhamiria.

Pamoja na yote hayo, mwenye hoja nzito kuliko wote alikuwa mama wa duka, ambaye katika vikao hakuwahi kutamka neno kizazi. Nywila, au pasiwedi kama inavyoitwa na wote wanaoiomba, ilikuwa imekwisha kutoka ndani ya nyumba. Ilikuwa nayo shemeji, walikuwa nayo vijana wa bodaboda, na kando ya ua wa minyaa palikuwa na pengo ambalo jioni lilijaa migongo ya watu waliokuwa "wanapumzika tu". Jina la mtandao lenyewe, alilolichagua mpwa kwa madaha, lilikuwa Mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Wasukuma, na kijana aliyesalimiwa na simu yake mwenyewe hawezi kulaumiwa akiitika. Kuibadilisha nywila ni kazi ya dakika mbili na haina gharama, ila ina mtendaji. Kesho yake shemeji atauliza nani kaibadilisha na kwa nini, na swali hilo halina jibu linaloweza kutolewa kwa mtu aliyekaa mstari wa mbele siku ya harusi. Kwa upande mwingine, ruta mpya huja na nywila mpya pasipo mtu kumnyima mtu. "Shemeji, si sisi, ni mtambo umebadilika" ni sentensi yenye heshima, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, sentensi hiyo imeuza ruta nyingi kuliko gigabiti zote zilizochapwa kwenye maboksi.

Si kwamba kizazi kipya hakina faida. Kizazi cha sita kiliongeza namna ya kuligawa wimbi moja vipande vidogo ili simu nyingi zihudumiwe kwa wakati mmoja, jambo la maana mahali penye wateja wengi, na kinga mpya ya nywila iitwayo WPA3, iliyotangazwa 2018, ni ngumu zaidi kuvunjwa kuliko ile ya 2004. Tena ruta ambayo mtengenezaji wake ameacha kuitolea marekebisho ya usalama haifai kuaminiwa na duka linalopokea malipo. Lakini ruta huongea na kila simu kwa lugha ya kizazi cha simu yenyewe, na simu za kaya hii karibu zote ni za kizazi cha nne, isipokuwa ya mwalimu, kiswaswadu cha vitufe kisicho na Wi-Fi kabisa, kwa hiyo aliyeshika kura ya turufu kikaoni ndiye pekee ambaye matokeo hayakumhusu. Kwa mnunuzi wa Bukundi, la kuulizia dukani ni ile kazi ya kwanza: modemu ya ndani, yaani sehemu inayosikilizana na mnara, ni ya daraja gani, na je, kuna tundu la kuchomekea antena ya nje itakayopandishwa juu ya mlingoti.

Hilo halikuulizwa. Pamba ilipouzwa na fedha kuingia, ujumbe wa watu watatu ulikwenda Bariadi, ambako muuzaji alisoma kwa sauti maandishi ya boksi na mwalimu akaizunguka ruta yenye antena nne akizishika moja moja, kama anayekagua pembe za maksai mnadani, kisha akakubali kwa sababu ambazo hakuzieleza. Nyumbani kasi ilibaki ileile ya jioni zote, ingawa shangazi alithibitisha kwamba tamthilia sasa "inateleza", na kitambaa kilipata matundu manne ya kupitishia antena. Ruta ya zamani haikutupwa, kwa kuwa Bukundi hakitupwi kitu chenye taa. Alipewa shemeji, pamoja na maelezo marefu ya namna mtambo ulivyobadilika wenyewe, naye akashukuru sana, akaenda nayo, na kabla ya saa mbili usiku akawa amerudi kuulizia vitu viwili: adapta yake, ambayo fundi redio alikwishaichukua kuendeshea spika ya dukani, na nywila ya ile mpya.