Tupo kwa Ajili ya Jamaa

Daktari alifungua kitambaa cha mashine ya presha mkononi mwangu, akaniuliza nafanya mazoezi gani. Nikamwambia nacheza bao. Hakucheka. Akaandika kitu kwenye cheti kwa mwandiko wa kutia hofu, na jioni ile nikafika kijiweni kwa kahawa, Ngamiani, nikiwa na cheti mfukoni na wazo kichwani: tuanzishe timu ya baiskeli.

Kumwambia mtu wa Tanga habari za baiskeli ni kumpelekea mvuvi habari za samaki. Mji wetu ni tambarare kama sinia. Baiskeli hupeleka mikate alfajiri, watoto shule asubuhi, na mchana humbeba mke wa mtu (mke wa mwenye baiskeli, tuelewane) akiwa amekaa upande kwenye karia, mwavuli wazi. Kwa hiyo wenzangu hawakushtuka.

"Timu ya nini," akauliza muuza kahawa, "na nyote mmekuja hapa kwa baiskeli?"

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mstaafu wa bandari, ambaye hakosi mashindano kwenye televisheni. Akachukua kashata moja, akaiweka kwenye meza: Chris Froome, kazaliwa Nairobi, kafundwa na David Kinjah kule Kikuyu, kashinda Tour de France mara 4. Kashata ya pili: Biniam Girmay, kijana wa Asmara, kaondoka Ufaransa na jezi ya kijani mwaka 2024. Ya tatu: Kigali, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yamekanyaga Afrika kwa mara ya kwanza. "Nairobi, Asmara, Kigali," akasema, "kumebaki wapi?" Akazila zote tatu, na sisi tukaelewa kwamba kumebaki Tanga.

Tulikuwa watu tisa na baiskeli sita. Kabla ya adhana ya isha tulikwisha kupata viongozi wanane. Mwanachama wa kawaida nilikuwa mimi mwenye wazo. Uenyekiti tulimpa asiyekuwa na baiskeli, ili apate nafasi ya kuongoza. Jina la timu tulilibishania usiku ule na tunalibishania mpaka leo. Ila jambo moja lilipita bila ubishi: timu itaitumikia jamii. Mhazini ndiye aliyelileta. Alisema katiba isiyokuwa na neno jamii hachangii mtu hata chupa ya maji.

Tukaagiza jezi. Maneno ya mgongoni katibu aliyasoma kwa simu, barabarani, lori likipita: Tupo kwa ajili ya jamii. Jezi zilipokuja, zote, kwa herufi kubwa nyeupe, zilisema: TUPO KWA AJILI YA JAMAA.

Mchapaji hakuona kosa. "Si ni hao hao?" akatuuliza.

Herufi mbili tu, lakini niliujua uzito wake siku ile ile. Shangazi yangu, ambaye bila miwani hasomi hata bei ya sukari, aliisoma jezi yangu kutoka ng'ambo ya barabara. "Mwanangu, nimeona mgongo wako. Sasa nani jamaa kunishinda mimi?" Nikaondoka pale na nazi kumi na mbili za kupeleka kwa binti yake. Kesho yake nilipeleka salamu za harusi nyumba nane, na keshokutwa mtungi wa gesi. Wiki haijaisha, mtu ambaye sijapata kumwona maishani alinisimamisha, akanitajia nasaba mpaka tukakutana kwa babu wa nne, kisha akanikabidhi mtoto wa kumpeleka chuoni.

Mazoezi rasmi tuliyapanga Jumapili moja ya Julai, kwenda Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini ya mji. Wawili walibaki kutuombea dua. Mwenyekiti, kwa kuwa kiongozi habaki nyuma, alipanda kwenye karia yangu. Sheria za dunia zinataka baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Phoenix yangu niliyorithi kwa baba, na dinamo yake, na kufuli lake, haijawahi kuwa na wasiwasi na sheria hiyo, sembuse ikiwa imempakia mwenyekiti.

Tulikwenda kama tumerushwa. Nilijihisi kijana wa Asmara. Lakini kuna jambo ambalo waandaaji wa Tour de France hawajakumbana nalo tangu 1903, nalo ni salamu. Huwezi kumpita mzee barazani kwa kumpungia mkono. Kesi itakutangulia nyumbani. Unashika breki, unashuka, unatoa shikamoo. Anaitika marahaba, anauliza wewe mtoto wa nani, unamwambia, kumbe alisoma na babako, na ana kisa. Baraza ya kwanza tulimwacha katibu. Ya pili ilimchukua mhazini. Mzee wa bandari alipotelea penye bao, na huyo tulijua harudi. Tulifika mapangoni baiskeli tatu, tukaambiwa kiingilio, tukakumbuka kwamba fedha ziko kwa mhazini. Mapango ya Amboni, basi, yana mlango mzuri sana kwa nje.

Kurudi ndipo nilipojua kwamba sikuwa kijana wa Asmara. Julai ni kusi, na kusi ndiye aliyetuleta kwa kutusukuma mgongoni. Sasa alikuwa anatusubiri usoni. Mzee wa bandari alikuwa ametufundisha siri ya msafara: wa mbele anakata upepo, wa nyuma wanajificha mgongoni mwake wanapumzika, kisha mnapokezana. Siri tuliishika vizuri, ndiyo maana hakuna aliyekubali kuwa mbele. Tulipunguza mwendo kila mmoja akimngoja mwenzake, mpaka mama mmoja mwenye ndoo kichwani akatupita.

Tena sasa wenye vijiji walikuwa wametusoma migongo. "Jamaa, mnarudi mjini?" Mimi nikapewa madafu, juu ya mwenyekiti. Mwingine akapewa tenga la kuku. Msemaji wetu akafungiwa gunia la mkaa kwenye karia, limelala, pana kama mlango. Tukatazamana. Tukamweka mbele. Nawaambieni, nyuma ya gunia lile hakukuwa na kusi wala kaskazi, ila vumbi la mkaa tu, na tuliwaokota wenzetu baraza kwa baraza huku nyuso zikizidi kufanana.

Tairi langu la nyuma lilisalimu amri karibu na mjini. Fundi chini ya mwembe akatoa tyubu, akaizamisha kwenye karai la maji, mapovu yakapanda pande tatu. "Hii si pancha," akasema, "hili ni chujio." Akaziba, akasoma jezi yangu, akakataa pesa. Badala yake akanipa spoki kadhaa za kumpelekea shemeji yake.

Mwezi uliofuata daktari akanipima tena. Presha imeshuka. Akaniuliza nimefanyaje, nikamgeuzia mgongo asome. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama timu huwa inafika Pangani. Mkwewe yuko huko.

Kwa hiyo Jumapili hii tunakwenda Pangani, karibu kilomita 50, kusi usoni tangu pedeli ya kwanza. Mwenye mzigo aulete kijiweni Jumamosi kabla ya magharibi. Kuku wafungwe miguu, na mkaa unapewa kipaumbele.