Sifa za qsort

Wengine na wasifu ndagala wa Tanganyika na mihogo ya Fizi. Mimi naisifu qsort, kitendaji cha lugha ya C cha kupangia safu, ambacho kimekula usingizi wangu hapa Baraka na bado hakijashiba.

Fadhila yake kuu ni kutouliza. Inataka vitu vinne tu: mwanzo wa safu, idadi ya vitu, ukubwa wa kila kimoja kwa baiti, na kitendaji cha kulinganisha. Aina ya vitu hivyo haitaki kuijua. Kila kinachoingia huvuliwa nguo zake kikavishwa `void *`, vazi lisilo na cheo wala kabila. Bei za ndagala, miaka ya kuzaliwa, majina ya wakimbizi wa kambi ya Lusenda: kwake zote ni baiti. Mwenyeji gani mwingine humpangia mgeni kitanda bila kumuuliza jina? Ipe safu ya vielekezi vya majina pamoja na kitendaji kilichoandikwa kwa ajili ya namba. Kompaila inanyamaza. qsort nayo inapanga kwa adabu zote, ikifuata anwani ambako kila jina limelala kwenye kumbukumbu, si herufi zake.

Tena ni ya kale: imo katika kiwango cha C cha 1989. Tena haina makuu: imechukua jina kwa quicksort ya Tony Hoare, lakini kiwango hakiilazimishi kuitumia.

Lakini jamani! Dawa ya huku kutouliza inajulikana. C++ ina `std::sort`, inayojua aina ya vitu vyake. C yenyewe ilipata `_Generic` mwaka 2011. Hata bila hiyo, andika kitendaji kinachopokea majina tu, qsort uifiche ndani: mistari michache, na kompaila itapiga kelele mapema. Nani ataandika? "Listi ya msaada inatakiwa leo," anasema shefu wa biro, "mradi imepangika."

Imepangika kweli. Listi imenyooka, ina muhuri, shemeji wa mtu yuko juu, na mjane aliyekimbia vita na watoto yuko ukurasa wa mwisho. Ukiuliza, unaambiwa mashine ndiyo iliyopanga. Uongo mtupu! Mashine haina shemeji. Kila ikikutana na wawili, inauliza kitendaji cha kulinganisha: nani atangulie? Kile cha qsort naweza kukifungua nikakisoma. Cha biro kimo kwenye simu ya shefu.