Mikoplasma Apewe Sifa Zake

Bakteria wa kawaida hana adabu. Akiingia jioni kwenye chupa ya seli zinazokuzwa maabara, kesho yake yale maji ya lishe ya waridi yamegeuka manjano na kufanya ukungu, na hata mwanafunzi aliyeanza kazi juzi anajua chupa hiyo ni ya kumwaga. Mikoplasma amelelewa vizuri zaidi. Anaingia, anatulia, anazaana mpaka anafikia milioni mia moja ndani ya mililita moja, na maji yanabaki maangavu. Mtafiti anachungulia kwenye hadubini, anaridhika, anaenda kunywa chai.

Nasaba yake si ya kubezwa. Ndugu yake ndiye anayesababisha homa ya mapafu ya ng'ombe, aliyekuzwa kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1898 na akina Nocard na Roux; na T1/44, chanjo ya ugonjwa huo hapa Afrika, ilitokana na kimelea cha Tanganyika. Mwaka 1956 watafiti wa Marekani walitaka kuziambukiza mikoplasma, kwa makusudi, seli za HeLa, seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara. Wakakuta mwenyewe ameshafika. Ukarimu wa namna hiyo, wa kukupunguzia kazi kabla hujaianza, ni nadra.

Na jinsi anavyojishusha! Hana ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini, ambayo kazi yake ni kuvuruga ujenzi wa ukuta, haina la kumfanya. Chujio la mikromita 0.22, linalowakwamisha bakteria wengine, yeye hujibana akapenya. Marafiki zake wakubwa ni wale wanaotia antibayotiki katika kila chupa mwaka mzima, eti kwa usalama. Wanawaua wenye kelele, ambao wangemshtaki mwenye mikono michafu, na yeye anaachiwa nafasi.

Hapendi makuu pia. Aina zake kadhaa humaliza arginini iliyowekwa kwa ajili ya seli, nazo seli huzorota. Dawa mpya ikionekana imezuia seli za saratani kukua, huenda kazi yote ni yake, lakini hamtasikia akidai jina lake litajwe kwenye makala.

Anayetaka kumwona amtafute. Kwenye agari huchukua hadi siku 28, ndipo yanajitokeza makoloni yenye umbo la yai la kukaanga. Kwa rangi ya Hoechst, inayoshika DNA, viini vya seli hung'aa, naye huonekana kama vumbi la nuru nje ya viini. Kwa PCR, kipimo kinachotafuta DNA yake, ni saa chache tu. Na ajabu ni kwamba kipimo hicho cha saa chache ndicho watu wanachokosa muda wa kukifanya.

Ukiuliza katoka wapi, utaelekezwa kwenye seramu ya ndama, kwenye chupa ya zawadi kutoka maabara rafiki, au kinywani mwako mwenyewe. Mycoplasma orale huishi mdomoni mwa binadamu bila kumdhuru, na huwapenda sana wanaopiga soga mbele ya chupa iliyo wazi. Ukizigandisha seli alizoziingia kwenye nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, hana kinyongo, atasubiri humo. Miaka ikipita, mtu mwingine atazirithi, ataziyeyusha, na kwenye kichupa atasoma, kwa wino usiofutika: safi.